Mgeni wa Mwisho Kwenye Tuta la Reli

Mheshimiwa Diwani Bi Philippa Onslow, Mchungaji wetu Mama Harriet Lyde, Mwenyekiti wa Chama cha Maua cha Pellbury, Bwana Desmond Pugh, Bi Rosalind, uliyeendesha gari tangu alfajiri kuja kumchukua mama yako, wazee wetu mliowahi viti vya karibu na hita, ndugu wageni waalikwa, majirani, na ninyi watoto mlio chini ya meza ya keki, ambao mnadhani siwaoni: habari za mchana.

Na wewe, Bi Winifred Godsall, ambaye itifaki inataka nikutaje mwanzoni lakini moyo umeniambia nikuweke mwisho ili nikae nawe zaidi: shikamoo, mama.

Niombe radhi kwa kuchelewa. Kamati iliniomba niandike maneno haya tangu mwezi wa sita, na kila aliyenikuta dukani akiniuliza hotuba imefika wapi, nilimjibu kwamba inakuja, inakuja, kama mtu anayemwita paka wa jirani. Nimeiandika wiki hii kwenye meza ya jikoni, mwanangu mchanga Idris akiwa begani na dada yake Nesta akiwa amening'inia kwenye sketi yangu, kwa hiyo mkisikia sentensi imekatika ghafla, jueni hapo ndipo mmoja wao alipotapika. Shule niliishia pale walipoishia wengi wetu. Sina maneno ya redioni. Lakini nimeambiwa niseme juu ya maua ya Mikaeli, haya yanayochanua mwisho wa mwezi wa tisa, na juu ya Bi Winifred, na hayo mawili nimeyalala na kuyaamkia, au tuseme nimeyaamkia tu, maana kulala bado.

Ndugu zangu, leo ni siku ya Malaika Mikaeli. Bata bukini yuko kwenye oveni ya Mama Mchungaji, harufu mnaisikia. Beri nyeusi za vichakani kuanzia kesho hazifai tena, kwa kuwa shetani, aliyeangukia miiba yake Mikaeli alipomtupa kutoka mbinguni, atazitemea mate kama anavyofanya kila mwaka, na mwenye kubisha aende akale. Na nje ya mlango huu, pale palipokuwa na mapipa ya taka na baiskeli isiyo na mwenyewe, liko tuta jipya la maua, zambarau na buluu na waridi na meupe, ambalo Mheshimiwa atalifungua kwa kukata utepe nikinyamaza. Basi vumilieni. Utepe hauendi popote.

Nataka niwaambie kwa nini tuta hili lipo, na kwa nini katikati yake kuna shina moja la rangi ya kufifia ambalo mtu akipita haraka hataliona. Wengi wenu mnajua kipande kimoja kimoja cha habari hii. Leo muisikie nzima, na mhusika akiwa amekaa hapa, na chai yake mkononi.

Nilipohamia hapa na mume wangu Gethin, yeye alipopata kazi ya kukusanya maziwa mashambani kwa lori, Nesta alikuwa na wiki chache tu duniani na hakutaka kulala. Nilikuwa namsukuma kwenye kigari chake mchana kutwa, chini kwenye kinu, juu kwenye kanisa, kurudi. Kila nilipopita ukuta wa Bi Winifred niliona maua yale yamejaa nyuki, mwezi wa tisa unaisha, bustani nyingine zote zimekwisha kuwa kahawia kama chai iliyosahauliwa. Siku moja sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Wewe mama wa kigari. Anayelia ni yeye au wewe?"

Nikamjibu kwamba wote wawili.

"Basi ingieni wote wawili."

Mwanamke huyu hakuniuliza natoka wapi wala mume wangu ni wa nani. Alinipa chai, akamweka Nesta kwenye kikapu cha kuvunia, akanipa mkasi, akaniambia nikate yaliyonyauka. Nani kati yenu aliyewahi kupewa kazi ndogo ya mikono siku ambayo kichwa chake kimekataa kazi zote? Mwenye kuijua siku hiyo anajua nilichopewa.

Hapo ndipo alipoanza kunifundisha, na kwa kuwa leo tunafungua tuta lake, ni haki mafundisho yake yasemwe hadharani, hasa kwa wale wanaonunua maua kwa picha. Bi Winifred alisema, na bado anasema, kwamba ua la Mikaeli halichaguliwi dukani majira ya kuchipua, likiwa majani matatu na karatasi ya rangi. Nenda kwenye bustani ya mtu mwezi wa tisa, likiwa limechanua, na usilitazame kichwani. Kichwani yote ni mazuri. Tazama miguu. Kama majani ya chini yamekauka na kufunikwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama mikono ya mwokaji, agana nalo kwa heshima. Ukitaka lisilojua ubwiri unga, chukua yale marefu yenye majani ya manyoya, lakini usiyakate kwa ajili ya chupa ya mezani, kwani mengi hufumba macho kama mgeni aliyechoka kusikiliza. Ukiwa na bustani ndogo na huna subira ya kuegemeza vijiti, chukua yale mafupi ya vilimani, yenye petali pana, ila usiyahamishe majira ya baridi yanapoingia, hayasamehe. Na chini ya ua wa miti, pale pasipopata jua la kutosha, weka yale ya nyota ndogo nyeupe, yatapapatia mwanga yenyewe.

Yale ya kawaida, aliyosema ndiyo matamu kuliko yote, yanataka kazi. Yanataka mboji, yanataka maji ya kutosha mwezi wa saba, kwa sababu kiu ndiyo inayouita ubwiri unga. Na kila baada ya masika mawili au matatu yanataka kung'olewa na kugawanywa. Chukua machipukizi machanga ya pembeni, panda hayo, na ule moyo wa katikati uliokauka na kuwa mgumu kama kamba ya zamani, tupa.

Tupa. Likumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Sasa, kati ya maua yake yote lilikuwamo moja ambalo hakulinunua. Liliota lenyewe kati ya matofali ya kizingiti cha jikoni, mwaka aliozaliwa Bi Rosalind. Bi Winifred alikuwa kama mimi, mama mchanga wa mtoto asiyelala, na akaliacha kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuinama kuling'oa. Wenzake wakachanua, wakamaliza, lenyewe kimya. Akakata tamaa nalo. Halafu wiki hii ya Mikaeli, wakati hakuna tena cha kutazama dirishani, likafunguka, jeupe kama limechovywa kidogo kwenye maji ya plamu. Akasimama dirishani kulitazama kila asubuhi, mtoto mkononi, mpaka baridi kali ilipolichukua. Akaliita Mgeni wa Mwisho. Hakulipeleka popote kuandikishwa. Aligawa tu. Kila masika, miaka na miaka, alipita nyumba kwa nyumba na vipande vyake ndani ya gazeti lenye maji, na hakuna mlango wa Pellbury ambao haukupokea.

Majira yale ya baridi ya kwanza nikiwa hapa, kijito kilipanda. Mnakumbuka, kiliingia hata humu ukumbini. Kilipita kwenye bustani ya Bi Winifred na kikakaa. Mwezi wa tatu tulipokwenda na uma wa bustani kugawa mashina, tuliyatoa meusi, yananuka, yanaachana mikononi. Mengine yalipona kidogo pembeni. Mgeni wa Mwisho hakupona hata uzi mmoja wa mzizi.

Mimi nililia, bila aibu. Yeye alijifuta mikono.

"Unalia nini? Mwenye kugawa hafilisiki. Nenda kwa Desmond, akukatie kipande. Hata Maud analo, linachanua dirishani kwake mpaka Krismasi."

Mheshimiwa Diwani, wewe si wa hapa, kwa hiyo nikutahadharishe. Sisi watu wa Pellbury ni watu wa adabu. Adabu yetu ni kubwa hata imetaka kutuua. Mtu wa Pellbury akikanyagwa mguu ataomba radhi yeye.

Nilikwenda kwa Bwana Pugh. Kwanza aliniuliza habari za Gethin. Akaniuliza habari za lori la Gethin. Akanipa biskuti. Nilipomwomba tena, akasema ua liko nyuma ya banda ila limelala. Nikamwambia ni mwezi wa tatu, yote yanaamka. Akasema lake lina usingizi mzito. Mwishowe akanionyesha shina zuri, nene, linalochipua, na nilipoinama nikaona kwenye mzizi wake kipande cha plastiki cha duka, kina jina na bei. Tulitazamana. Bwana Pugh, nisamehe, lakini uliniruhusu niseme. Lake lilikufa zamani. Alinunua lingine linalofanana ili Bi Winifred akipita asiumie, nalo likafa, akanunua lingine. Na kila mwaka alilileta kwenye maonyesho hapa ukumbini, na jaji, ambaye ni Bi Winifred mwenyewe, akampa zawadi ya pili, na kusema kwamba mkulima si mbaya ila ua hili analijua, lina uwezo zaidi.

Nikaenda kwa Mama Mchungaji. Akaniambia lake limepumzika. Nikamuuliza kupumzika kwa namna ya kibustani au kwa namna ya kanisani. Akasema, kwa sauti ya maziko, kwamba ni ya kanisani.

Nikaenda kwa Bi Maud Tranter, tumaini la mwisho, yule wa dirishani mpaka Krismasi. Bi Maud alinitazama sana. Kisha akaenda dirishani, akaling'oa shina zima kwa mkono mmoja, akanipa. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa la kitambaa.

"Nililinunua mjini," akasema. "Yeye macho yake ya mbali si mazuri. Kila akipita ananipungia mkono, ananisifu kwa kutunza. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilizunguka kijiji kizima, kigari na mtoto, na kila mlango ulikuwa na chai yake na sababu yake. Kila mmoja lilimfia kwa namna yake, kiangazi, konokono, mbuzi, jembe la mume. Na kila mmoja aliona haya kusema, akajipa moyo kwamba si neno, wengine wote wanalo. Je, ndugu zangu, si hivyo ndivyo vitu vinavyopotea duniani? Halikupotea kwa kuchukiwa. Lilipendwa na watu wengi wasiotaka kumuudhi mtu.

Kamati ikakaa, humu humu. Bwana Pugh akatoa wazo, na ninasema hivi kwa upendo maana wazo lilitoka kwenye moyo mzuri: kwamba tutafute kwa mwuza miche ua linalokaribiana, tulipande kwenye bustani ya Bi Winifred, tumwambie ni kipande kutoka kwa mmoja wetu. Macho yake si mazuri. Na jambo lenyewe lilikuwa limeanza kuwa la haraka, kwa sababu tayari ilijulikana kwamba nyumba ile na ngazi zake zimemshinda, na kwamba mwaka utakaofuata atakwenda kuishi na Bi Rosalind. Aende na ua, wakasema. Atajuaje? Mikono yote ikapanda kukubali.

Mimi nikakataa. Sikukataa kwa sababu ni mwema kuliko wengine. Nilisema nina mtoto asiyelala, nina nguvu za kutunza mtoto, mume na kuku, na sina zilizobaki za kutunza uongo. Uongo nao unataka kulishwa. Nikasema nitamwambia mwenyewe. Watu wakainamisha vichwa kama darasa lililovunja dirisha.

Nikaenda. Alikuwa jikoni, anamenya viazi. Nikamwambia yote, lile la plastiki, lile la kitambaa, lile la kanisani. Nilisema nikiangalia meza. Nilipomaliza nikafikiri, Tamsin, umemuua bibi wa watu.

Halafu nikasikia kitu kama bawaba inayolia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika sinki, akacheka mpaka Nesta naye akaanza kucheka bila kujua chochote.

"La kitambaa," alisema, akijifuta macho kwa aproni. "Na mimi nilikuwa nampelekea mbolea."

Kisha akaniambia nichukue ufunguo wa banda nikaangalie rafu ya juu. Wapendwa, rafu ile ilikuwa imejaa chupa kutoka ukuta hadi ukuta. Kila chupa ya achari ya plamu ambayo Bwana Pugh amempelekea kila Krismasi, na ya Mama Mchungaji, na ya Bi Maud. Hakuwahi kula hata kijiko. Achari humchoma tumbo tangu akiwa msichana, na hakutaka kumuudhi mtu. Kila mwaka alikuwa akiwaambia ya safari hii imezishinda za mwaka jana.

"Kawaambie hatudaiani," akasema.

Mmecheka, na mcheke. Lakini sikilizeni kilichofuata, kwa sababu akili ya mwanamke huyu haikulala kwenye kucheka. Aliketi, akachukua kiazi chake, na akaniuliza swali moja ambalo hakuna mtu kwenye kamati nzima aliyeliuliza.

"Mlipokuwa mnagawa, ile mioyo mikavu ya katikati mliitupa wapi?"

Nikasema sijui, nitauliza. Nikarudi mlango kwa mlango, na safari hii hakuna aliyenipa biskuti. Jibu lilikuwa moja. Kila mtu, kwa miaka yote ile, kwa kuwa pipa la taka za bustani hulipiwa na ukuta wa nyuma ni mfupi, alirusha nyuma ya ukuta. Na nyuma ya kuta zetu zote kuna nini? Kuna tuta la reli ya zamani, ambayo treni haijapita tangu wengi wetu hatujazaliwa.

"Basi lipo," Bi Winifred akasema. "Moyo wa ua la Mikaeli ukiutupa haufi. Unakasirika tu."

Lakini mwezi wa nne tuta lile lilikuwa kijani tupu. Machipukizi ya maua ya Mikaeli yote yanafanana kama watoto wachanga, hata mama zao huwachanganya. Tungengoja yachanue. Nasi tukangoja masika na kiangazi, na kiangazi kile kilikuwa cha joto, mnakumbuka, majani yalikauka, na mimi nilikuwa nikipita pale na kigari kila siku nikiogopa. Mwezi wa tisa tuta likafunguka, na ninyi mliopanda kutazama mliona nilichoona. Zambarau kutoka darajani hadi kwenye handaki, kila kilichowahi kutupwa na Pellbury kilikuwa kimesimama pale kimevaa nguo zake za sikukuu. Nikatafuta jeupe lenye maji ya plamu. Halikuwepo. Wiki ya pili, halikuwepo. Ya tatu, mengine yakaanza kuzeeka, na mimi nikaanza kutunga maneno ya kumwambia.

Asubuhi moja ya wiki ya Mikaeli Nesta alikuwa analia, amejivua soksi moja na kuitupa, na nilipoinama kuiokota nyuma ya bango la zamani la reli, nikaona matumba. Yalikuwa yamefumba ngumi, mengi, na moja tu limefunguka. Sikuwa na utepe, sikuwa na karatasi. Niliifunga ile soksi kwenye shina, ili nisije nikalipoteza, na nikakimbia na kigari mpaka gurudumu likatoka.

Sasa mfikirie tatizo. Tuta ni refu, mvua ilikuwa imenyesha, na Bi Winifred anatembea na mkongojo. Nani alikuja? Bwana Desmond Pugh, na toroli lake la mboji, ameliosha, ameweka mto ndani. Bi Winifred alipanda akiwa na kofia yake ya kanisani na gambuti, akashika kingo mbili kama malkia aliyekosa farasi, na nusu ya kijiji ikamfuata nyuma kwenye matope.

"Desmond, ukiniangusha hapa, ujue nitakula achari yako mbele ya watu nife nayo."

"Ningejua huili ningekuletea asali, Winnie."

"Ungejua ningekosa cha kukusifia."

Tulifika kwenye soksi. Bi Winifred aliinama kutoka torolini. Alilivuta ua karibu kabisa na uso, akaligeuza kichwa chini, kwa sababu kila mtu hutazama ua mbele, na huyu bibi anatazama mgongo. Migongo ya petali ilikuwa ya rangi ya plamu, nzito, kama mtu aliyeketi kwenye jamu. Maduka hayana la namna hiyo. La Bwana Pugh halikuwa hivyo wala la kitambaa halikuwa hivyo.

"Huyu hapa," akasema polepole. "Amechelewa, kama kawaida yake."

Nikaona mkono wake ukitafuta kitu pembeni ya toroli, ukampata Nesta, mguu wake ule usio na soksi, ukaushika ukatulia hapo.

Yaliyobaki mnayajua maana mlichimba wenyewe. Masika haya tulilitoa, tukaligawa, tukaosha udongo wa tutani, tukalipanda katikati ya tuta jipya la ukumbi, na kulizungushia wale ndugu zake tuliowatoa relini pamoja naye. Mwisho wa mwezi wa tano nilikuja na mkasi nikayakata mashina ya mbele nusu, yote, mpaka Mheshimiwa Diwani akasimamisha gari kuuliza kama tumevamiwa na wahuni. Hapana, Mheshimiwa. Ukiyakata nusu wakati ule yanajaa, hayaanguki, na yanachelewa yakachanua kwa zamu, ndiyo maana leo una kitu cha kukatia utepe. Majirani walininunia wiki mbili. Mmoja tu ndiye aliyekuja kuniambia usoni kwamba nimeharibu, naye alikuwa Bwana Pugh. Nilimkumbatia. Nikajua kijiji kimeanza kupona.

Bi Winifred, leo jioni unaondoka. Sitasema maneno ya kukuliza, uliniagiza hivyo nami nimetii kadiri ya uwezo wangu. Nitasema hili moja. Ulinipa mkasi siku ambayo sikuwa na kitu mkononi ila kilio, na ulinionyesha kwamba kuna vinavyochanua wakati wengine wote wamemaliza, na kwamba kuchelewa si kushindwa. Nikiamshwa usiku mara ya ngapi sijui, najiambia, tulia, Tamsin, na wewe wiki yako ya Mikaeli inakuja. Asante, mama yangu.

Sasa kabla sijakaa. Tuta hili halitajitunza, na mimi nina mikono miwili na yote ina watoto. Ninavyohitaji mniletee ni hivi, na nitasema bila haya, maana haya tumeshaona ilikotufikisha. Nahitaji vijiti vya kuegemezea, vya mti wa kokwa, vyenye matawi, kabla ya mwezi wa nne, si baada ya maua kuanguka. Nahitaji majani yaliyooza vizuri, magunia kadiri mtakavyoweza. Mpira wa maji unaofika kutoka bomba la jikoni hadi mlangoni, wetu umetobolewa. Mtu mmoja mwenye mgongo mzima siku ya kugawa. Na achari msilete tena. Leteni chupa tupu, tuna maonyesho ya kupamba.

Ninyi nyote mtaondoka leo na chungu kimoja cha Mgeni wa Mwisho, viko pale mlangoni, na sharti lake ni moja tu. Kikifa, njoo unigongee mlango useme kimekufa. Nitakupa kingine. Sitakuuliza sababu.

Na wewe, Bi Winifred, chungu chako ndicho kile kilichofungwa soksi. Bi Rosalind amesema kibaraza chake kinapata jua la mchana. Kutoka kwako nahitaji kitu kimoja kitumwe, kila mwaka, wiki hii ya Mikaeli: kadi yenye neno moja kati ya mawili, limechanua au limekufa. Lolote kati ya hayo, mradi liwe kweli. Likiwa la kwanza tutashangilia. Likiwa la pili, Bwana Pugh ameshaosha toroli la kukuletea lingine.

Mheshimiwa, mkasi huu hapa. Ni ule ule alionipa mimi. Nanyi nyote, asanteni kwa kuniazima masikio, na kwa yeyote aliyembeba Idris muda huu wote: hajalia hata mara moja, tafadhali usiende nyumbani.